Khanjari Iliyokwenda Kuoa

Nyinyi mnaotaka kazi ya kutembeza wageni hapa Maskati, sogeeni niwafunze, maana katika nyinyi sijamwona bado wa kunifikia. Sisemi hivi kuwavunja moyo. Nimeifanya kazi hii mpaka nikastaafu, na nimestaafu na magoti mabovu, sauti nzima, na stashahada ya utalii iliyotiwa kioo. Stashahada hiyo niliisomea Nairobi jioni, mchana nikitandika vitanda vya hoteli. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nilipokuja Omani, nchi ya babu zangu niliyokuwa naijua kwa kusimuliwa tu, nilikuwa na sanduku moja na Kiarabu cha kusalia. Nikiomba mkate dukani, watu wanaitikia amina. Leo wajukuu wa wale wale walionicheka ndio wanaonipigia simu kuniuliza lango fulani lilijengwa na nani, na mimi huwajibu baada ya kumaliza chai yangu.

Kila mtembeza wageni ana kitoweo chake. Wenzangu walikuwa na ngome, soko la samaki na ubani. Mimi nilikuwa na Kachi.

Mtauliza, Kachi iko India, weye uko Matrah, bandarini Maskati, wapi na wapi? Ndilo suali nililokuwa nikilingojea kwa wageni. Likitoka tu mdomoni mwao, najua nimeshawakamata. Nawageuza waitazame bahari, nawaambia wanyooshe mkono moja kwa moja mashariki, bila ya kupinda. Ukiufuata mkono huo mpaka ng'ambo, unaingia Kachi. Halafu nawageuza tena waingie sokoni, watazame maduka ya nguo, na nyuso za wenye maduka, na namna shangazi wa humo anavyokunja kitambaa kwa pigo moja la mkono. Zipo familia humo zilizotoka Mandvi, bandari ya Kachi, ambazo zimezika watu wengi zaidi Matrah kuliko sisi tuliorudi juzi kutoka Unguja tukajiita wenyeji.

Na mimi Kachi sikuisoma tu. Nilikulia Malindi, Unguja, ukuta mmoja na Wakachi. Wao wakikaanga pilipili, sisi tunapiga chafya.

Hata hivyo, siku zangu za mwanzo nilikuwa nachosha watu. Nilikuwa nasimama katikati ya soko na kuanza: nchi ya Kachi ilitawaliwa na Marajput, watu wa koo za kivita, ukoo huu ukatolewa na ukoo ule, na ule ukatolewa na mwengine, mpaka wakaja Jadeja waliotoka upande wa Sindh, wakatawala karne na karne, mfalme wao akiitwa Rao. Yote ni kweli, na yote yamo vitabuni. Lakini nikigeuka, nusu ya wageni wangu wako duka la pili wanajaribu makofia.

Aliyeniokoa alikuwa Jamnabai. Bibi huyu alikuwa mjane wa Kikachi, mzaliwa wa Unguja kama mimi, aliyeolewa Maskati akiwa msichana. Alikuwa akikaa kwenye kiti cha plastiki mlangoni mwa duka la nguo la mwanawe, na hakuna lililopita pale asilisikie. Siku moja aliniita kwa kidole.

"Selemani. Wageni wako wanalala wima kama punda."

"Nnawafundisha historia, bai."

"Unawasomea majina ya maiti. Nani kakwambia mtu anakuja sokoni kusikiliza majina ya maiti? Anza na chakula. Ufalme wa Rao ulianza na nini?"

Nikamwambia ulianza na vita. Akanitazama kama mtu anayetazama kitambaa chenye tundu.

"Ulianza na karamu," akasema. "Kaa chini."

Nikakaa juu ya mtumba wa vitambaa, na hivi ndivyo alivyonisimulia. Jadeja walikuwa wamegawanyika, kila jamaa na kipande chake cha nchi. Mmoja akamwalika mwenziwe karamu, akaapa kwa mungu wao mkubwa kwamba hatomdhuru. Mwenziwe akaenda, akala, akauliwa. Watoto wake wawili wa kiume wakatoroshwa na mtumishi, na wauaji nyuma yao. Njiani mkulima mmoja akawaficha ndani ya lundo la majani makavu. Wauaji wakafika, wakamwuliza mkulima watoto wako wapi. Akasema hajui. Wakawaleta wanawe yeye mwenyewe, wakaanza kuwaua mmoja mmoja mbele ya macho yake, wakimwuliza kila mara.

Jamnabai akanyamaza. Akaanza kukunja kanga iliyokuwa mapajani mwake, pole pole, pembe kwa pembe.

"Akasema?" nikauliza.

"Umeona?" akasema. "Hapo unanyamaza. Usiendelee mpaka mtu akuulize. Wakikuuliza, ni wako mpaka jioni."

Mkulima hakusema. Mtoto mkubwa akafika Ahmedabad, akamwua simba mbele ya Sultani wa huko, na Sultani, Muislamu, akampa askari mtoto huyo wa Kihindu akarudishe nchi ya baba yake. Akairudisha, akawa Rao, na mji wake ukawa Bhuj. Muuaji akakimbilia ng'ambo ya ghuba, akajitengenezea ufalme mwengine huko, maana dunia haijawahi kuwa na haya.

Tangu siku hiyo wageni wangu hawakujaribu tena makofia ya watu. Mzee mmoja wa Kijerumani alinikamata kanzu pale penye kunyamaza, akataka kujua kwa lazima kama mkulima alisema au hakusema. Nilimwacha anivute kidogo kabla sijamjibu.

Mengine niliyagundua mwenyewe, na nawapa bure. Ukisimama na wageni, jua lipige uso wako wewe, si wao. Mtu aliyekunja macho hasikii. Anayetembea pole mweke mbele, la sivyo utaongoza vikundi viwili. Hadithi isimuliwe kabla ya duka, kwa sababu baada ya duka kila mtu anafikiria bei aliyopigwa. Na ukiulizwa jambo usilolijua, usitunge tarehe. Sema, "Hilo ndilo wanazuoni wanaloligombania," kisha nenda nyumbani ukatafute.

Hadithi niliyokuwa nikiisimulia kwa sauti ya juu kuliko zote ni ya baharia wa Kachi aliyepotelewa na chombo, akaokotwa na Waholanzi, akaenda kwao. Akakaa huko miaka, akajifunza kutengeneza vioo, vigae na saa, hata kusubu mizinga. Kisha akarudi. Mnadhani alipokewa kwa ngoma? Alibisha hodi kwa bwana huyu na bwana yule, hakuna aliyemtaka. Mpaka Rao mmoja wa Bhuj, mpenda mashairi na muziki, akamwambia, nijengee. Akamjengea nyumba ya vioo, kuta nyeupe zimefunikwa vioo, sakafu ya vigae, na ukumbi wenye maji yanayoruka juu, Rao akae katikati yake, joto lote la Kachi limwache, atunge mashairi. Tetemeko kubwa limeitikisa nyumba ile, lakini jina lake halikuanguka.

Fikirieni basi. Mtu aliyetoka kwao mikono mitupu, akasomea ugenini, akarudi na ujuzi, akachekwa mpaka alipofanya kazi watu wakaiona. Sihitaji kuwaambia nilikuwa namfikiria nani. Jamnabai alikuwa anajua.

"Leo baharia kavaa nini?" huniuliza nikipita. "Jana alikuwa na tumbo kama lako na cheti cha Nairobi."

Nimefika sasa kwenye hadithi ya upanga, na hii ndiyo iliyonigharimu.

Marajput walikuwa na ada moja. Bwana harusi akiwa vitani, au cheo chake hakimruhusu kuondoka kwake kwenda kwa wakwe, hakuahirisha harusi. Alituma upanga wake. Upanga unabebwa kwa heshima, na wapiga ngoma, na wazee, unafika kwa bibi harusi, na bibi harusi anaozwa nao kama vile bwana mwenyewe kasimama pale. Anauzunguka nao moto wao wa harusi. Kisha ndiyo anapelekwa kwa mumewe wa nyama na damu.

Siku moja nilikuwa na kundi la wanafunzi wa chuo kikuu kutoka Al Khoudh. Vijana wa chuo ni wagumu, wanajifanya wameshasikia kila kitu. Nikaona niipambe hadithi kidogo. Nikasema Rao mmoja upanga wake ulikuwa kwa mhunzi, basi akaazima wa nduguye akautuma huo.

Jamnabai aliinuka kitini. Nilikuwa sijapata kumwona akiinuka kwa ajili ya mtu.

"Ngojeni, wanangu," akawaambia wanafunzi. "Huyu anakuozesheni vibaya. Sisi si Marajput, sisi wauza nguo. Kazi yao kupigana, kazi yetu kuwauzia kitambaa cha kilemba. Lakini hili hata mwuza kilemba analijua. Upanga ule si chuma, ni mtu. Ndiyo maana hauazimwi. Ukituma upanga wa nduguyo, bibi harusi kaolewa na nduguyo. Utakwenda kumdai?"

Wanafunzi wakacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa msichana mmoja mrefu, jina lake Raya. Wiki ya pili yake alikuja mwenyewe, akaniambia, "Ami Suleiman, nnataka unifunze kazi hii." Kwao ni Al Khoudh, watu wa Unguja kama sisi, na aliyemlea ni bibi yake, Bi Salma, mwanamke ambaye hata paka wa mtaani humpisha njia. Raya alinifuata misimu miwili. Alikuja na picha za nyumba ya vioo ndani ya simu yake, wageni wanazikuza kwa vidole wanaona hata ufa. Nilimwambia simu inamwibia mgeni macho. Yeye akaniambia mimi nnamwibia mgeni masikio. Nilimpenda hapo hapo kama mwanangu.

Raya akachumbiwa na Khalfan, mhandisi, kijana wa Ibra. Ndoa ilifungwa Ijumaa msikitini, mbele ya mashahidi, bwana kakubali kwa mdomo wake. Mambo ya dini yalikwisha siku hiyo, naomba mliweke hilo akilini. Iliyobaki ilikuwa sherehe ya wanawake siku ya Jumanne, ukumbini Al Hail, karibu na kwangu. Mnaijua desturi. Wanawake wanakaa tangu alasiri, bibi harusi anapanda jukwaani, na jioni bwana harusi anaingia na kanzu yake na khanjari kiunoni, anakaa pembeni yake, vigelegele, basi. Wasipomwona bwana, watu wa Al Khoudh wana maneno ya kutosha mwaka mzima.

Asubuhi ya Jumanne Khalfan alikwenda Ibra kumchukua bibi yake, ajuza asiyepanda gari ila akiendesha mjukuu wake. Mchana mvua ikapiga milimani na wadi, ule mto mkavu, ikashuka. Nyinyi mliozaliwa hapa mnajua wadi ikishuka barabara inakuwa mto, na anayejaribu kuvuka anatafutwa siku ya pili akiwa hana gari. Khalfan na bibi yake wakabaki upande wa pili wa maji.

Raya alinipigia simu kutoka saluni.

"Ami, Khalfan hawezi kuvuka."

"Asivuke," nikasema. "Mwambie asithubutu."

"Nimemwambia. Lakini Bibi kasema hanikalishi jukwaani peke yangu kama mali iliyokosa mnunuzi. Kasema wageni wale wali waende zao, sherehe hakuna. Ami, wakirudishwa watu watasema nini? Watasema kanikimbia siku ya tano." Nyuma yake mashine ya nywele ya mtu mwengine ilikuwa inavuma. "Ami. Ule upanga."

Nilikuwa karibu kulisema mimi. Alinitangulia kwa pumzi moja tu, na nataka ijulikane.

Nilimkuta Bi Salma mlango wa nyuma wa ukumbi, mkoba umo mkononi tayari. Nikamweleza ada ya Marajput kwa ufupi, jua usoni mwangu, hadithi kabla ya duka.

"Hiyo si dini yetu," akasema.

"Dini ilikwisha Ijumaa, Bi Salma. Hii ni furaha. Khanjari itaingia mahali pa mwenyewe, watu watajua bwana anakuja, kazuiwa na maji ya Mungu. Hakuna harusi Maskati nzima iliyopata kufanya hivyo. Watazungumza, ndiyo, lakini kwa wivu."

Neno wivu lilimfanyia kazi. Akauweka mkoba chini. "Khanjari ya Khalfan iko wapi?"

Iko naye, ndani ya gari, ng'ambo ya wadi.

"Khanjari haina shida," nikasema, na nikaona nimetanuka kifua.

Lazima niwaeleze khanjari yangu. Ni ya fedha, mpini wa pembe, kazi ya mafundi ambao mikono yao imeshakuwa udongo. Baba aliichukua kutoka Omani kwenda Unguja, na mama aliitoa Unguja imeshonwa ndani ya mto wa sufi. Ilikuwa imetundikwa barazani kwangu Al Hail, upande wa pili wa stashahada, na hakuna mgeni aliyekunywa kahawa pale bila ya kusikia habari zake. Watoto wangu walikuwa hawaruhusiwi kuigusa. Khalfan mwenyewe alipokuja kuniamkia baada ya uchumba aliunyoosha mkono, nikamwambia tazama kwa macho.

Nikaenda kuileta. Mke wangu Zuhura akaipangusa, akaiweka juu ya mto wa hariri na asumini pembeni, akaingia nayo ukumbini. Mimi nikabaki nje. Mlangoni alikuwepo bawabu, dada wa Kikenya anayeitwa Mercy, mwenye mabega mapana na adabu ya chuma.

"Mzee, huku ni kwa wamama pekee," akasema.

"Nnajua, mwanangu. Lakini khanjari inayoingia ni yangu. Nisaidie macho."

Akanihurumia. Akaufungua mlango upana wa kidole, akawa ananipa habari huku amenipa mgongo.

"Sasa imeingia. Wamama wamesimama. Mama mwenye amebeba anatembea kama malkia."

"Huyo mke wangu."

"Bibi harusi amesimama pia. Wameiweka kwa kiti ya bwana. Wanapiga hizo kelele zenu. Mzee, imeweza."

Nikatengeneza kilemba changu. Nilikuwa tayari nimeanza kupanga maneno ya kuwaambia wanaume wenzangu kesho yake.

"Kuna shosho Mhindi ako mbele," Mercy akaendelea. "Ameuliza kitu. Wamama wengine wananyamaza."

Jamnabai alikuwa amealikwa, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia Raya amweke safu ya mbele.

"Kauliza nini?"

"Ameuliza hii kisu ni ya nani. Mmoja amesema ni ya mzee Suleiman." Akageuka kunitazama kuanzia kilemba mpaka viatu. "Sasa wanasema wewe ndiwe umeoa."

Mlango ukafunguliwa, akatoka Zuhura. Nimeishi na mwanamke huyu miaka mingi na sijamwona akichelewa kusema, lakini hapo alinitazama kwanza kwa raha zake.

"Mabruki, bwana harusi," akasema. "Jamnabai kanipa hongera mbele ya ukumbi mzima. Kasema nimepata mke mwenza mzuri, ana elimu, hatonisumbua."

"Wanacheka?"

"Nusu wanacheka. Nusu wanamtazama Bi Salma. Bi Salma kashika mkoba tena."

"Na Raya?"

Hapo uso wake ukabadilika. "Raya hakai wala hasimami. Anatazama mlango. Suleiman, hadithi umeileta weye. Weye uliyeambiwa mbele ya watu kwamba upanga hauazimwi. Umesahau?"

Sikusahau. Niliifikiria hadithi kubwa nikaruka neno dogo, jambo linalowapata wanazuoni wengi.

"Jamnabai kasema dawa ipo," Zuhura akasema. "Kasema hauazimwi, lakini hakuna aliyesema hautolewi."

Nilielewa mara moja, na nilijifanya sikuelewa. Nikasema labda tungoje, labda wadi itapungua. Nikasema, "Zuhura, ile ni ya baba."

"Nnajua ni ya baba. Anayeipangusa kila Alkhamisi nani?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mamako hakuishona ndani ya mto wa sufi ili ikae ukutani imtazame mgeni anywe kahawa."

Ndani, vigelegele vilikuwa vimekwisha kabisa. Ukumbi wa wanawake ukinyamaza, ndugu zangu, hata ndege hunyamaza. Nikatoa simu, nikampigia Khalfan. Maji yalikuwa yanavuma nyuma yake, na bibi yake anagombana na mtu.

"Khalfan, nisikilize. Khanjari yangu nnakupa. Iwe yako."

"Ipi, Ami?"

"Nnayo ngapi?"

"Ile ya babako? Ile ya kutazama kwa macho?"

"Hiyo hiyo. Si ya kuazima. Nimekupa, mbele ya Zuhura, na mbele ya—" nikamtazama bawabu.

"Mercy," akasema Mercy.

"Na mbele ya Mercy. Umekubali?"

Khalfan alinyamaza. Nilimfunza Raya kunyamaza, na inaonekana Raya alimfunza yeye, maana nilikuwa tayari kumkamata kanzu kupitia simu.

"Ngoja," Zuhura akasema, akaninyang'anya simu, akaingia nayo ndani, akaiweka kwenye kipaza sauti. Kwa hivyo neno lenyewe nililisikia kupitia ukuta, kubwa, na wadi inavuma nyuma yake. Kwanza sauti ya Zuhura: "Khalfan, khanjari iliyokaa kitini pako ni ya nani?" Kisha sauti ya kijana wa watu: "Yangu, mama. Nimepewa, nimekubali. Raya, nnakuja. Maji yakishuka tu nnakuja."

Kigelegele cha kwanza kilipanda peke yake, chembamba, kikongwe, kirefu. Mercy akachungulia.

"Ni yule bibi wa mkoba," akasema. "Mkoba ameutupa kwa sakafu." Kisha wote wakaingia. Mercy akafunga mlango, akanipa mkono kwa heshima. "Pole, mzee. Umeachika siku hiyo hiyo."

Wadi ilipungua, Khalfan akafika na bibi yake siku ya pili, na Raya hakuambiwa neno baya na mtu Al Khoudh. Waliokuwepo waliwatambia wasiokuwepo. Mpaka leo nikienda Mawaleh kununua maembe nakutana na wanawake wanaonionyesha kwa wenzao: huyo ndiye mzee wa khanjari.

Siku chache baadaye nilikwenda Matrah kumlaumu Jamnabai. Nikamwambia, "Bai, ungeninong'oneza."

"Ningekunong'oneza ungebishana," akasema. "Weye hukubali jambo mpaka kuwe na watu. Na yule mtoto, Raya, wanawake wangeuliza tu khanjari ni ya nani. Wangeuliza kesho, majikoni, weye hupo na mimi sipo. Nimeona bora niulize mimi, leo, na dawa iko mlangoni imevaa kilemba." Akanisogezea mtumba nikae. "Haya. Hadithi za Rao umeshazichosha. Sasa unayo ya kwako."

Raya ndiye anayetembeza wageni Matrah sasa. Anaanza na karamu, ananyamaza penye lundo la majani, anasimamisha watu mlangoni alipokuwa akikaa Jamnabai, na akimaliza upanga wa Marajput anawaonyesha picha ya khanjari kwenye simu yake. Wageni kutoka Kachi wanacheka mpaka wanakaa chini. Nimemsikia mwenyewe, nikiwa nimejificha nyuma ya makofia. Anasema, "Mwalimu wangu alikuwa na stashahada," kisha ananyamaza, na mimi nyuma ya makofia nikawa nangoja kama yule Mjerumani.

Basi, vijana, mchukue mnalotaka katika haya. Mimi nimesoma historia ya Kachi kuliko yeyote kati yenu, na humo nimekuta Marao waliojenga nyumba za vioo, na waliotuma panga zao kuoa wakarudishiwa na mke juu yake. Sijakuta hata mmoja aliyetuma upanga, akarudi nyumbani bila upanga na bila mke, na akasifiwa.

Kila Idi Khalfan huja Al Hail kuniamkia, khanjari kiunoni, na mimi humtazama kiuno kabla ya uso. Barazani msumari bado upo, upande wa pili wa stashahada. Nilitaka uachwe mtupu, wageni waulize. Zuhura ametundika hapo kalenda ya duka la matunda.